Kona Niliyokatazwa Kumwaga Maji

Nilipoolewa Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, miaka ya hamsini ndiyo kwanza imeanza, mama mkwe alinipa sheria moja tu, na hiyo moja ilinitoa roho. Nisimwage maji kwenye kona ya ua, nyuma ya jiko. Maji ya vyombo, maji ya kufulia, hata ya kunawa, nivuke ua mzima nikayamwage mtaroni. Mimi ni mtu wa Nyamyumba. Kwetu maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, na mtu humwaga anapotaka. Siku ya tatu nikamwaga pale makusudi.

"Yewe! Hapo hapana!" Alininyang'anya beseni. "Mwaga kwingine kote, hata kitandani kwangu, lakini si hapo!"

Nilidhani ni mchawi. Nasema kweli, nilidhani ni mchawi, na nilimnunia mwaka mzima.

Mtaa wetu wa Waswahili tuliuita kambi. Ulikuwa mtaa wa washonaji, wauza chumvi na wauza vitambaa. Kila Idi wazee walisimulia jinsi ulivyoanza, na msimulizi mkuu alikuwa baba mkwe. Alikuja ujanani na msafara wa wapagazi, akaona ziwa, akaona njia nzuri ya biashara, akatua mzigo na kusema, "Hapa ndipo." Wengine wakaja kujenga karibu naye. Watu walimbusu mkono kwa hadithi hiyo. Mama mkwe aliisikiliza huku anachambua mchele.

Kisha akaja mzungu wa ofisi ya serikali na karani wake. Barabara mpya ya kwenda mpakani ingepita katikati ya kambi, na sisi tungehamishiwa juu, kwenye mawe meusi ya volkano, ambako hata maharagwe hayaoti. Wazee wakaomba wasikilizwe. Tulikusanyika mbele ya msikiti, wanaume mbele, wanawake nyuma, na baba mkwe akaisimulia hadithi yake ya Idi vizuri kuliko siku zote. Karani akatafsiri. Mzungu akajibu kwa maneno machache.

"Anasema, bon, kama mulikuja kwa biashara, biashara hata kule juu itafanyika."

Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nikajiona nazaa juu ya yale mawe, na hofu ikanishika.

Ndipo mama mkwe akainuka.

"Mzee anadanganya," alisema. "Hakuchagua kitu. Mi nilizaa njiani, hapa, na mutoto akakufa siku ya pili. Tukamuzika. Asubuhi msafara ukaondoka, na ye akaniambia beba mzigo, twende. Nikakaa chini. Nikamwambia, we nenda, mutoto yangu iko hapa, mi siendi popote. Jiko yangu nilijenga karibu naye, asikae peke yake."

Jamani! Nikalikumbuka beseni langu la maji machafu, nikatamani ardhi inimeze.

Karani alipotafsiri, mzungu akamgeukia baba mkwe. Sote tulijua mzee angeweza kusema mwanamke huyu amechanganyikiwa, na sifa zake zote zikabaki palepale. Mzee aliitazama miguu yake.

"Ni kweli," akasema. "Mi nilitaka kwenda. Nilishafika mbali. Nilirudi kwa ajili ya huyu mwanamke tu."

Sijui ni neno gani lilimgusa yule mzungu. Barua ilipokuja ilisema kambi ibaki, barabara ipinde pembeni na kupita kwenye kona ile ya ua wetu. Kaburi lihamishiwe makaburini.

Baba mkwe alikataa vibarua. Alichimba mwenyewe, na uzee ule, mpaka shimo likamfika kiunoni. Udongo mweusi mtupu. Si mfupa, si sanda.

"Hakuna kitu," akasema, akalia waziwazi mbele yetu sote.

Mama mkwe akavua leso yake ya juu, akaitandika ukingoni. "Weka."

"Niweke nini?"

"Huo udongo. Ndiye."

Mzee akamjazia. Watu walitaka kumpokea mama mkwe, naye akakataa katakata. Aliufunga ule udongo mgongoni, tunavyofunga watoto, akatembea mpaka makaburini. Kwetu Waislamu wanawake hatuendi kuzika, lakini siku hiyo hakuna shehe aliyefungua mdomo. Mimi nilimfuata na tumbo langu, beseni la maji safi kichwani, kwa sababu aliniambia nilibebe.

Wanaume walipomaliza kufukia, akanishika mkono. Mwaka mzima hatukuwahi kugusana. Akanisogeza mpaka mbele ya kile kirundo kidogo cha udongo.

"Haya, mwanangu," alisema. "Sasa mwaga."