Mahali Kanda Ilipopelekwa Mbele

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu, ndipo siku yenyewe inafuata. Wiiiiii. Mlio wa kanda ya video ikipelekwa mbele, mwembamba kama wa mbu aliyenasa ndani ya chandarua, na nyuma yake jenereta linakohoa. Leo nyie mnagusa kioo cha simu kwa kidole na mambo yanaruka kimyakimya. Enzi zetu jambo likirukwa lilipiga kelele, na kelele ile ninayo mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda mjini, nami niko darasa la sita. Nyumbani kwetu ni Mwamkulu. Baba alihamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akaona mpunga unakubali, akakaa. Kila Jumamosi nilitembea kwenda mjini kwenye mafundisho ya Kipaimara pamoja na rafiki yangu Tedi, Mpimbwe, kabila la wenyeji wa huko, msichana mwenye ulimi mkali na moyo laini. Njia nzima yeye anaongea, mimi naota. Nilikuwa naota nikichota maji, naota nikipepeta, naota hata nikitumwa kufukuza ndege shambani, mpaka ndege wenyewe wakanizoea.

Karibu na kanisa palikuwa na banda la video, la mabati, limezibwa matundu kwa magunia ili ndani kuwe na giza. Aliyeliendesha ni kijana aitwaye Msafiri. Alisimama pembeni ya televisheni na kututafsiria sinema kwa sauti ya mnada. Kiingereza alikuwa amekiokota huku na huku. Alipoelewa alitafsiri, asipoelewa alitunga, na mara nyingi alipotunga ndipo palipokuwa patamu zaidi.

Jumamosi hiyo mafundisho yaliisha mapema, Tedi akanivuta mkono tukaingia. Ilikuwa sinema ya kuchekesha, ya vijana wa Marekani. Kulikuwa na msichana wa umri wetu, meno yamefungwa waya, na nyumba nzima inahangaika kwa ajili ya sherehe yake. Mama analia kwa sababu ya rangi ya vitambaa vya meza. Baba anataka sherehe iwe kubwa kuliko ya jirani. Bibi mmoja mfupi, kila akitokea anafinya watu mashavu, na banda zima linaangua kicheko.

"Nyie, tulieni!" Msafiri akatangaza. "Hii ni Kipaimara ya Wazungu! Mnaona gauni hilo? Kitambaa chake kinatosha kushona mapazia ya boma la wilaya!"

Halafu msichana akasimama mbele ya watu, mbele yake wamemfungulia andiko lililoviringishwa kama mkeka. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikasogea mbele kwenye benchi.

"Peleka mbele!" wakapiga kelele vijana wa nyuma. "Hapa hakuna kitu, Msafiri! Peleka mbele!"

Wiiiiii. Watu kwenye kioo wakakimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na kanda iliposimama tulikuta muziki. Msichana yule ameketi kwenye kiti, wanaume wamekinyanyua kiti juu ya vichwa vyao na kumzungusha ukumbi mzima, anapiga mayowe na kucheka, kiatu kinaruka na kuangukia kwenye supu ya mjomba wake. Banda likalia kwa vicheko. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, mwanangu. Nilikuwa juu, kwenye kiti kile, naona mabati ya Mpanda yote kwa chini na milima ya Mwese kwa mbali.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, anachagua mchele.

"Bibi, nami siku yangu nataka kubebwa na kiti."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Nani atakubeba, ng'wanawane? Baba yako mgongo. Mjomba wako mlevi. Utafika mbinguni kabla askofu hajakuona." Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Ng'wanawane ndiyo mwanangu kwa lugha yetu. Kiswahili bibi alikijua cha kununulia chumvi tu.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Damasi, katekista wetu, akagawa kazi za siku ya askofu, siku atakapokuja kutupa Kipaimara. Somo la kwanza, lile la nabii linaloongelea wazee na ndoto zao, akanipa mimi. Labda alifikiri tunafanana.

"Kabula asome?" Tedi akasema, na utani wake ule. "Mwalimu, huyu Msukuma akifika mbele si ataita ng'ombe waingie kanisani?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini akili yangu ilirudi bandani. Nilimwona yule msichana wa meno ya waya amefungua mdomo na sauti haitoki. Je, ilitoka baadaye? Sikujua. Nilichojua mimi ni kiti na kiatu kwenye supu. Wenzangu walipoondoka nilibaki, nikamwambia mwalimu ampe Tedi lile somo. Akaniuliza sababu, ikabidi nimweleze sinema yote, na banda la video humo humo.

Nilidhani atanikaripia kwa ajili ya banda. Hakunikaripia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Hiyo si Kipaimara, Kabula. Hao ni Wayahudi, watu wa Yesu mwenyewe. Padre alitueleza. Mtoto wao akifika umri kama wenu anasimama mbele ya kusanyiko, anasoma Maandiko kwa Kiebrania, lugha ya mababu zao, hata kama nyumbani wanaongea Kiingereza. Kuanzia hapo anahesabiwa mkubwa mbele ya Mungu. Ngoma inakuja baadaye."

"Mbona kwenye sinema ni vichekesho tu?"

"Kazi ya sinema hiyo ni kuchekesha, na wao wenyewe wanapenda kujicheka. Siku wakija kutengeneza ya kwetu wataonyesha nini? Mama Tedi anagombania sufuria ya ubwabwa. Askofu anapiga chafya. Wewe na gauni la kuazima linaloburuza. Watu wa huko watacheka, halafu watasema, kumbe Kipaimara ni ubwabwa!" Akavaa miwani. "Na wewe umewatazama Wayahudi, ukaona kiti. Usiliache somo langu kwa sababu ya kitu ambacho hujakiona. Kakione kwanza."

Maneno yale yaliniwasha njia nzima. Kwa hiyo siku nyingine, mchana, nikaenda bandani peke yangu. Msafiri alikuwa anajaribu jenereta, hakuna mtu.

"Kaka Msafiri, shikamoo. Naomba nione pale ulipopeleka mbele."

"Marahaba. Pale pa kiti?"

"Pale pa kusoma."

"We mtoto una homa? Mpanda nzima inataka kiti, wewe unataka kusoma?" Lakini alikuwa mtu mwema. Akaweka kanda.

Nikaona, mwanangu. Na kweli sinema haikumhurumia. Sauti ilipotoka ilitoka kama ya mbuzi, vijana wa benchi la nyuma wakajibana mbavu, mjomba akakoroma kwa nguvu mpaka akajishtua usingizini. Kila kitu kilipangwa ili ucheke. Lakini pembeni kabisa ya kioo, mahali ambapo hata sinema yenyewe ilikuwa haipatazami, alikaa yule bibi mfinya mashavu. Hakumfinya mtu. Alikuwa anachezesha midomo. Alikuwa anayajua yale maneno, anatembea nayo kimyakimya pamoja na mjukuu wake, neno kwa neno. Msichana akainua macho, akamwona. Sauti ikatulia.

Msafiri alikuwa amesimama na mkono kwenye kitufe. Hakubonyeza.

"Hee," akasema taratibu. "Na mimi nimeionyesha kanda hii mara ngapi. Huyo bibi sijawahi kumwona."

Kuanzia siku hiyo nilisoma jikoni kila jioni, bibi kwenye kigoda chake na mchele wake, moshi ukinipita puani. Sikumwambia habari ya bibi wa kwenye kioo. Mimi nasoma, yeye anapepeta. Nikikwama ananiambia, "Rudia," kana kwamba anaelewa. Nilidhani ananifariji tu.

Siku ya askofu ikafika. Gauni la kuazima liliburuza kweli, na Mama Tedi aligombana kweli juu ya sufuria, nje ya kanisa, watu wote tunasikia. Nikapanda mbele. Kanisa limejaa mpaka milangoni. Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu. Koo limekauka kama mfereji wa kiangazi. Nikasikia kicheko kidogo upande wa wasichana na nikakijua ni cha nani. Mwalimu Damasi akainamisha kichwa. Ningeweza kushuka wakati ule, na nadhani ningeshuka, nisingesoma tena mbele ya watu maisha yangu yote.

Nikatafuta bila kujua natafuta nini. Benchi la nyuma, katikati ya akina mama, alikaa bibi yangu, ambaye hakuwa amebatizwa na wala hakuwa ameingia kanisani kabla ya siku ile. Kanga mabegani, mikono mapajani. Midomo yake inachezacheza. Alikuwa ameshaanza somo bila mimi. Maneno ya Kiswahili cha kitabu, ambayo nusu yake hakujua maana, alikuwa ameyaokota jikoni moja moja kama punje za mchele.

Nikaanza nilipomkuta. Tukamaliza pamoja.

Jioni nilimuuliza, "Bibi, ulikuwa unasema nini kule nyuma?"

"Sijui," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma shule. Mimi nilikuwa nakusindikiza."

Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu nyie mnawaona watu wa dunia nzima humo mikononi mwenu. Mnaona keki zao, magauni yao, viti vyao vikizungushwa, na mnasema mnawajua. Sherehe ya mtu ni rahisi kuiona, hata mlevi aliyeko barabarani anaiona. Kabla hujasema watu fulani wako hivi, rudi pale waliporukwa, ukaangalie. Cheka, sikukatazi, hata mimi kile kiatu bado kinanichekesha. Ila ukishacheka, tazama na pembeni. Na siku ya mtoto mwingine ikifika, akasimama mbele na koo likamkauka, usisubiri ngoma. Msindikize kwa midomo yako, hata kama maneno si ya kwenu. Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji. Na sauti ikichelewa njiani, akupe mtu wa kukushikia maneno mpaka ifike.

Unataka kujua kama nilibebwa na kiti? Hapana. Baba alisema tu, "Umesoma," akanipa paja la kuku, na kwa baba yangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Watu wakala ubwabwa uwanjani kwetu, Tedi akanimalizia soda yangu kisha akaniomba msamaha, bibi akawa katikati ya wageni anafinya mashavu ya watoto kama aliyeiona ile sinema. Nikawaacha huko na kelele zao, nikaingia jikoni. Kigoda chake kilikuwa mahali pake, karibu na mafiga, na punje chache za mchele chini yake. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakinyanyua juu ya kichwa changu, nikakizungusha taratibu mzunguko mzima, kisha nikakirudisha palepale.