Neva za Verlon Stidham

Verlon Stidham hakuwahi kusema uongo. Alitangaza jambo hilo mwenyewe, mara nyingi, bila kuombwa. Dari la mgodi lilipomwangukia na kumvunja kiuno, aliwaambia waliomfukua kwamba alikuwa amewaonya. Kweli alikuwa amewaonya, ndiyo maana hawakumsamehe.

Tangu hapo akawa anameza vidonge vya maumivu kutoka kliniki ya barabara kuu, pale palipokuwa duka la viatu. Miaka sita baadaye alimzika kaka yake, mikono ikaanza kumtetemeka, na daktari wa familia, mzee mwema asiyesikia vizuri, akampa vidonge vingine. Vya neva. Bondeni kwetu mtu hapatwi na wasiwasi wala mfadhaiko. Hayo ni ya watu wenye nafasi. Sisi tuna neva. Tumezirithi kwa mama zetu pamoja na masufuria.

Kila mwezi muuguzi wa kliniki alimsomea karatasi ileile bila kuinua macho.

"Unatumia dawa yoyote ya kutuliza au ya usingizi, Bwana Stidham?"

"Hapana, binti. Nalala bila msaada wa mtu."

Na kweli alilala. Alilala kwenye kiti cha kinyozi, alilala akifunga viatu. Jumapili moja, wakati wa chakula cha mchana kanisani, alilala kijiko cha maharage kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Mhubiri, umemmaliza ndugu yetu," mmoja akasema, meza nzima ikacheka.

Arzella, mkewe, hakucheka. Aliona midomo ya mumewe imeanza kuwa ya bluu. Akaweka kiganja chini ya pua yake akasubiri pumzi, na pumzi ikachelewa. Akamfinya sikio kwa kucha mpaka akazinduka.

"Una nini wewe, mwanamke?"

"Nina mume. Nataka nirudi naye nyumbani akipumua."

Kesho yake alibeba chupa zote mbili hadi duka la dawa. Verlon alikuwa akichukua vya maumivu hapo, na vya neva duka la ng'ambo ya mto, kwa sababu kule kahawa ni ya bure. Mfamasia akasoma chupa ya kwanza, akasoma ya pili, akavuta kiti.

"Hivi viwili vikikutana, mama, kifua kinasahau kupumua. Nani kampa hivi vya kutuliza?"

"Hivyo si vya kutuliza. Ni vya neva."

"Mama, ni kitu kimoja."

Alhamisi tulijaa kliniki kama kawaida, tumekaa kwa tako moja, kila mtu na maumivu ya mgongo wake. Verlon akaitwa dirishani, akasomewa karatasi, akajibu hapana kwa sauti ya shahidi mahakamani. Arzella akaiweka chupa ya neva mbele ya muuguzi.

"Mbona hukusema, Bwana Stidham?"

"Uliuliza kutuliza. Mimi sijawahi kutulizwa na mtu."

Daktari wa kliniki akatoka ofisini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona amesimama.

"Fomu iko wazi kabisa," alisema. "Huyu ni mgonjwa mmoja tu aliyeshindwa kuielewa."

Arzella akageukia mabenchi. "Jamani, nani hapa anameza dawa ya neva?"

Mikono ikapanda polepole, kama kanisani wanapoulizwa wenye dhambi. Nilihesabu tisa. Mmoja ulikuwa wangu. Mwingine ulikuwa wa dada wa mapokezi. Daktari akaichukua fomu yake akaanza kuisoma, na kwa jinsi alivyokunja uso, nadhani alikuwa anaisoma kwa mara ya kwanza.

Sasa kwenye fomu zote kuna neno "neva", limeongezwa kwa kalamu. Verlon anapunguziwa vidonge kidogo kidogo, maana kuviacha ghafla nako ni hatari, na Arzella anatembea na dawa ya kupuliza puani ndani ya mkoba, ya kumwamsha pumzi zikigoma. Kanisani mumewe yuko macho mwanzo hadi mwisho. Analalamika kwamba hakujua mahubiri ni marefu kiasi hicho.

Lakini akifumba tu macho kusali, kiganja cha Arzella kinafika chini ya pua yake. Verlon husali haraka.