Bega la Kushoto

Baba mdogo huchagua bunduki kama tikiti maji: huigonga kitako kwa kidole, husikiliza, kisha huguna. Ile ya zamani, ambayo mtutu wake umechakaa hata swala hawaiogopi tena, ilikuwa imelala mezani kwa muuza bunduki. Ilibidi aiache, maana leseni yake ni ya bunduki moja tu. Ilikuwa ya marehemu baba yangu, aliyekuwa mashoto, na ndiyo aliyomfundishia mdogo wake kuwinda. Kwa hiyo baba mdogo hula, huandika na hujikuna kwa mkono wa kulia, ila hulenga kwa kushoto. Kila bunduki mpya aliipachika kwenye bega hilo hilo la kushoto.

“Mzee, za mashoto sina,” muuzaji alicheka. “Jaribu kulia.”

“Huko mimi mgeni, kijana.”

Akajaribu. Shavu likatulia kwenye mbao, kidole kikafika chenyewe.

“Imekukaa!”

“Imenikaa,” alikubali kwa sauti ndogo, bila kuishusha. Kisha akaniambia, “Mwanangu, kumbe miaka yote nilikuwa nakosa shabaha kwa ajili ya baba yako. Angekuwepo leo, ningeendelea kukosa.”