Kitambaa Chekundu cha Kabula

Juzi, pale mtaani Kambarage, nilimwona mjukuu wangu akivushwa barabara na mwanafunzi mwenzake aliyeinua kibao chekundu. Wivu wa zamani ukanichoma.

Shuleni kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Kabula, rafiki yangu. Msimu wa pamba malori yaliegeshwa pande zote mbili za njia, mbele ya shule, na vumbi lilinuka mafuta na magunia. Kabula akiinua kitambaa chekundu alichopewa na mwalimu, lori lilisimama nasi tukavuka. Niliamini amechaguliwa kwa sababu anapendwa kuliko sisi. Nikasali rozari nzima ili augue.

Akaugua homa kweli.

"Mwalimu, nipe mimi," nilisihi. Alinitazama toka utosini hadi miguuni, akanipa shingo upande.

Nilijitokeza kati ya malori mawili yaliyoegeshwa, nikainua kitambaa. Breki zililia, lori likasimama hatua moja kutoka puani kwangu. Dereva akaruka chini.

"Ng'wanawane, mwanangu! Nilidhani kitambaa kimepeperushwa na upepo! Yuko wapi yule mrefu?"

Mwalimu alininyang'anya kitambaa. Nilidhani ananichukia, lakini leo naelewa aliogopa ningegongwa, na namshukuru Mungu.

Jioni ile nilisali Kabula apone upesi. Lakini kabla ya Amina, Bwana anisamehe, nilimwomba pia anirefushe, nimpite.