Sajini wa Mlangoni

Watu wakizungumza habari za Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, husema walichongewa na jirani au walionewa na homugadi, askari wenyeji wa serikali. Mume wangu, Bedan Githinji, hakuchongewa na mtu. Nilimpeleka mimi, nikidhani namwokoa. Nayaandika haya kwa sababu wajukuu wamezoea kuniita cucu mwerevu, na imeanza kunichosha.

Bedan alikuwa mtu wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba moja nje ya Ruiru. Hakuwa msemaji, na chai yake ilikuwa ya sukari mpaka inanata midomo. Januari 1954 mkanda wa mashine ulimkamata mkono wa kulia ukauvunja juu na chini ya kiwiko. Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umekonda kama wa mtoto, na vidole havikuweza kufumba. Bwana wa shamba akampa muda mpaka mwisho wa Juni. Akiweza kunyanyua debe la kahawa mbivu na kulimimina kwenye mashine, kazi ni yake. Asipoweza, tunarudishwa rizavu, yale maeneo waliyotengewa Wakikuyu, kwetu Fort Hall. Siku hizo Mkikuyu asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa Ruiru, na kule kwetu nyumba zilikuwa zikichomwa na watu wakirundikwa kijiji kimoja nyuma ya seng'enge. Gathoni wetu alikuwa na mwaka mmoja. Kwa hiyo maisha yetu yote yalining'inia kwenye mkono ule mmoja mwembamba.

Aliyetusaidia ni Urbanus Muthoka, Mkamba aliyekuwa fundi wa gereji Thika. Walijuana na Bedan siku za kutengeneza mashine. Wakati wa vita Muthoka alikuwa mhudumu wa hospitali ya jeshi huko ng'ambo, na aliwaona askari waliovunjika wakifanyishwa mazoezi kwa kamba na springi. Kwa vile Wakamba hawakubanwa na pasi za kusafiria kama sisi, Jumapili moja alikuja kwa baiskeli na gunia mgongoni. Akalimwaga sakafuni: kipande cha bomba la maji, springi nne za kiti cha lori, mpira wa tyubu uliokatwa vipande virefu, roda moja na boliti kadhaa.

"Mama Gathoni," akaniambia, "leo nakuletea mke mwenza."

"Anajua kulima?" nikamuuliza.

"Hajui. Lakini bwana yako atatoka jasho."

Alilifunga bomba kwenye fremu ya mlango, akaning'iniza springi na mpira, akapitisha kamba kwenye roda na kuifunga mfuko wa mawe. Kitu kimoja kilifanya kazi zote. Ukivuta chini, bega. Ukisukuma mbele, kifua. Ukikaa kwenye kigoda na kuingiza mguu kwenye mpira, mapaja. Kulikuwa hata na kijiti cha kuzungusha, cha kifundo cha mkono. Bedan alikiita Sajini, kwa sababu kilimwamrisha asubuhi na jioni. Nami nilipotaka kutoka kwenda kuchuma kahawa, ilibidi niiname chini ya Sajini nikiwa na mtoto mgongoni.

Mwanzoni ilikuwa huzuni kumtazama. Alivuta mara mbili akakaa chini, uso umemlowa, akisema mkono si wake. Mwezi wa nne akafikia ishirini. Mwezi wa tano vidole vilifumba, akanishika mkono akaubana mpaka nikapiga kelele, tukacheka kama watu waliookota pesa. Wanaume wa laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, walikuja kujipima kwa Sajini, wengine wakashindwa. Hata afisa kijana wa polisi aliyekuja kukagua laini alimwona, akavua kofia, akavuta mara tatu akawa mwekundu usoni. Akamwambia Bedan, "Mzuri sana," akaenda zake.

Kumbuka hapo. Polisi mwenyewe alikuwa amekiona, amekishika.

Kisha mwezi wa sita, tukiwa bombani tunachota maji, wanawake wakasema kwamba katika shamba la pili mtu amechukuliwa kwa sababu ya kipande cha bomba. Bunduki za msituni, wakasema, hutengenezwa kwa bomba la maji, komeo la mlango, na springi au mpira wa tyubu. Anayepatikana nazo hunyongwa. Nilirudi nyumbani nikasimama mlangoni nikimtazama Sajini. Bomba. Springi. Mpira. Tangu siku hiyo sikuona tena dawa ya mkono wa mume wangu.

Nilimwambia Bedan amtoe. Akatikisa kichwa.

"Kila mtu anamjua. Kitu kikiwa mlangoni, nani atasema nimekificha? Mwache hapo hapo, Mama Gathoni."

Nilinyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, na ningebishana naye siku ile pengine angenielewesha vizuri.

Alhamisi ya mwisho wa Juni alienda kupimwa. Mimi nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Jua lilikuwa halijapanda sana niliposikia malori yakiingia na wanawake wakipiga mayowe, "Ngai! Homugadi!" Nilimweka Gathoni kitandani. Nikachukua spana aliyoacha Muthoka, nikafungua boliti moja baada ya nyingine, na hata leo nashangaa nilivyofanya haraka. Bomba nikalisukuma ndani ya gunia la mahindi. Springi nikazifukia kwenye debe la unga. Mpira nikauviringisha nikauweka chini ya godoro. Nilipotoka na mtoto kupiga magoti pamoja na wengine nilijisikia shujaa.

Walimwaga kila kitu nje. Gunia lilipotoa bomba, homugadi mmoja akaita. Debe lilipotoa springi, wakaja wanne. Zikiwa zimepangwa chini moja moja, hivyo vyuma havikufanana na mazoezi ya mtu yeyote. Yule afisa kijana hakuwapo, alikuwa mwingine, mzee, asiyemjua Sajini wala sisi.

Bedan akatokea kwenye njia ya kiwandani. Alikuwa anatembea haraka huku akitabasamu, mkono wa kulia ameuinua juu ili nione. Alikuwa amelinyanyua debe. Nyapara alikuwa amemwambia aanze Jumatatu.

Walimwangusha kabla hajafika. Walipomwinua alitazama vile vyuma, kisha akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote: ni mimi, ni mazoezi, waulizeni majirani. Hayakutoka. Mtoto alikuwa analia mgongoni na mtu wa bunduki alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nami niliogopa. Lori lilipoondoka ndipo nilipojitazama. Nilikuwa na unga mpaka viwikoni.

Muthoka alienda polisi mara tatu kueleza kwamba yeye ndiye fundi. Mara ya tatu wakamwambia akirudi watamfunga naye. Kwa kuwa hapakupatikana risasi, Bedan hakunyongwa, alitiwa kizuizini. Wiki iliyofuata mimi na Gathoni tulirudishwa rizavu kwa lori, tukachimbishwa handaki la kuzunguka kijiji pamoja na wengine. Miaka minne sikulala bila kupanga jinsi nitakavyomwambia.

Alirudi mwaka wa 1958. Huko kambini walikuwa wamemvunja mkono tena, ule ule, na hakukuwa na daktari wala springi. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, akawa ananishukuru hata kwa maji ya kunawa, na nakwambia kweli nilimkasirikia. Siku moja tulikuwa tunapura maharagwe uani, nikashindwa.

"Baba Gathoni, ni mimi nilificha."

"Najua," akasema.

"Basi nitukane!"

Akapepeta kidogo kwa mkono wa kushoto.

"Waliniuliza aliyeficha. Nikawaambia ni mimi. Bwana wa shamba alikuwa amekuja kunitetea, akawaambia kitu hicho kilikuwa mlangoni na kila mtu alikiona, na kwamba asubuhi ile mimi nilikuwa kiwandani. Wakasema sawa, basi nimtaje aliyekitoa, niachiliwe nirudi kazini Jumatatu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wewe ulikuwa ukinyonyesha," akasema, akaniomba nimsogezee ungo.