Kuni za Msiba wa Bibi

Moshi wa kuni za mti wa mwati ukinifikia popote nilipo, narudi Rangwi, kijijini kwetu milimani, jikoni kwa Bibi, na aibu yangu inarudi nami.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alitutuma tukawaulize wazee wa nyumbani: neno Mwafrika maana yake nini, na lilitoka wapi? Jioni nilimkuta Bibi akichambua maharage, amejifunga vitenge viwili na sweta juu yake, maana baridi ya Julai kwetu haina mchezo.

"Mjukuu wangu, kwamba mimi ni Mshambaa nilijua tangu kwa mama. Uafrika niliusikia redioni, nimeshakuwa mtu mzima. Aliyetuita hivyo simjui. Mwambie mwalimu sijui."

Sijui! Wenzangu walete majibu marefu, mimi niende na sijui? Asubuhi zamu yangu ilipofika, nilisema Bibi amefariki jana.

Jamani, nilisahau msiba ulivyo kwetu. Mchana darasa zima lilipanda kilima, kila mtoto na kuni zake kichwani, mwalimu mbele na mfuko wa unga. Mimi nilijikokota nyuma kabisa, nikiomba njia ikatike.

Bibi akatoka jikoni.

"Shi... shikamoo, Bibi," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona kuni nyingi hivi?"

Nikaangua kilio. Bibi akanitazama, akaelewa yote.

"Aa, mmesikia baridi inaniua," alisema. "Haya, wekeni hapo, mje mnywe chai."

Wakati wa chai mwalimu alimuuliza lile swali.

"Sijui," Bibi alijibu, akimwongezea kikombe.

"Hata mimi sijui, Bibi. Ndiyo maana niliwatuma."

Ukubwani nilisoma kwamba wataalamu nao hawajakubaliana jina Afrika lilitoka wapi. Wengine husema ni jina la kabila moja la kaskazini, Warumi wakalitandaza. Wengine husema maana yake ni vumbi. Wengine, nchi isiyo na baridi! Hilo ningetoa chochote nimsomee, nimwone akicheka ndani ya vitenge vyake viwili. Yeye hakuona haya kutojua. Mimi ndiye niliyemwonea haya, naye akanisitiri mbele ya darasa zima.

Alipofariki kweli, nilipanda kilima kile kile na mzigo wa kuni kichwani, mtu mzima na viatu vya mjini. Niliutua mlangoni pa jiko, nikasimama. Hakutoka mtu kuniuliza mbona kuni nyingi hivi.