Kadi ya Mtandao kutoka Nyakanazi

Katika siku za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka kwa shukrani kuliko zote, nayo ni ile niliyotumwa Nyakanazi kununua kadi ya mtandao. Usicheke. Najua kwenu nyie kadi ni ya simu. Hii yetu ilikuwa bamba dogo linalochomekwa ndani ya kompyuta ili iwasiliane na kompyuta nyingine.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, hapa kwetu Ngara. Mimi, binti wa kijiji cha Mugoma niliyetoka tu kusomea kompyuta, nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo pembeni mwa kambi, tukipeleka ujumbe wa Warundi waliopotezana na ndugu zao. Kompyuta ya kufanyia kazi hiyo ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Linux. Asubuhi niliiwasha kwa Windows, nikakusanya ujumbe uliochapwa kwenye mashine nyingine za ofisi. Mchana mwenzangu Gaspari aliiwasha upya kwa Linux, akautuma kambi za mbali.

Basi radi ikapiga, kadi ikaungua. Na wiki hiyo hiyo malori ya kuwarudisha watu Burundi yalikuwa yakijiandaa, na Mama Spesioza alikuwa amepangiwa safari. Mwanawe Deo alikuwa kambi ya upande wa Kibondo, na ujumbe wa mama kwake ulikuwa umekwama kwetu. Kila asubuhi mama huyo alisimama dirishani kwetu.

"Binti, Deo amejibu? Nikipanda lori yeye akabaki, tutaonana wapi tena?"

Nikaifunga kadi iliyoungua kwenye leso, nikapanda basi.

Pale njia panda ya Nyakanazi, nyuma ya vibanda vya chakula, palikuwa na duka la vipuri la Mzee Salimu, ambaye wazee wake walitoka Pwani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanimiminia kahawa, maana kwake biashara haikuanza mgeni akiwa na koo kavu. Mimi macho yalikuwa yameshaenda rafuni. Kulikuwa na kadi mpya kabisa, kisanduku kinang'aa, na CD yake ndani. Nikaishika.

"Hiyo kompyuta anaitumia nani?" akaniuliza.

"Mimi, mzee."

"Peke yako?"

Nikamweleza habari za Gaspari na Linux yake. Mzee akakigeuza kisanduku, akanionyesha maandishi ya nyuma: Windows tu.

"Nikikuuzia hii, mwanangu, wewe asubuhi utacheka, mwenzako mchana atashika kichwa. Hebu nipe hiyo iliyoungua."

Tukasoma pamoja namba ya chipu yake kubwa. Akapekua droo ya kadi zilizotumika mpaka akapata yenye chipu ile ile, kuukuu, haina hata mfuko.

"Chukua hii. Mifumo yenu yote miwili imeshaizoea. Ikigoma, irudishe."

Niliondoka nimenuna kidogo, nikwambie ukweli. Ujana unapenda kisanduku.

Kesho yake kadi ikakubali kwangu asubuhi, na mchana ikakubali kwa Gaspari. Ujumbe ukaondoka. Malori yalikuwa yameshaanza kupakia mizigo jibu lilipofika: Deo naye anarudi, wakutane kwa mjomba wake. Mama Spesioza alinishika mikono yote miwili, akasema "Murakoze cane," asante sana, akarudia tena na tena, nami nikashindwa kujizuia, nikalia naye. Laiti ningerudi na kile kisanduku, angepanda lori lile bila kujua mwanawe yuko wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia hivi. Unapobadilisha kifaa, usiamini mapambo ya nje. Soma chipu, na uhakikishe mifumo yote itakayokitumia inakikubali. Tena usiulize tu kama kinakufaa wewe. Uliza ni nani mwingine anakitegemea, na nyuma ya huyo, ni nani anasubiri dirishani. Mzee akikuzuia mkono, nuna ukitaka, lakini msikilize.

Mungu amlipe mema Mzee Salimu kwa swali lake lile. Nawe akujalie watu wa kukuuliza mapema, akupe moyo wa kuwajibu ukweli, na kila anayekusubiri umfikie angali anasubiri.